Baridi Haina Kosa

Katika nchi yetu baridi imeshitakiwa na kuhukumiwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. Mtu akiumwa viungo tunasema ana baridi yabisi. Mtoto akikohoa tunamwuliza mama yake kwa nini alimtoa nje alfajiri bila sweta. Mtumishi akihamishiwa Makete wenzake humpa pole kama mtu aliyefiwa. Na ikitokea watu wawili, mume na mke, wakasema kwamba wanaiacha pwani na kwenda kumalizia maisha yao kwenye nyanda za juu, basi ukoo mzima huitisha kikao. Mimi na mwenzangu tuliitishiwa kikao cha namna hiyo. Sasa tumekwisha hama, na mahindi tumekwisha yavuna mara nne, kwa hiyo siandiki ili kuomba ruhusa ya mtu. Naandika kwa ajili ya wale ambao mizigo yao bado haijafungwa, nao wanasikia maneno yale yale tuliyoyasikia sisi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Muheza, mkoa wa Tanga. Mume wangu kwao ni Lindi. Tumeishi Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini, tukilala na feni juu ya vichwa vyetu na chandarua pembeni mwa miguu, na umeme ukikatika tukihamia barazani. Usiku wa Februari katika jiji lile joto mara nyingi haliteremki chini ya nyuzi 24. Tulipostaafu tuliamua kwenda mahali ambapo mtu hulala kwa blanketi. Tukachagua kijiji kimoja kando ya barabara itokayo Makambako kwenda Njombe. Hayo tu ndiyo makosa yetu.

Mashitaka yaliyotolewa kikaoni yalikuwa matatu. Nitayajibu moja baada ya jingine, kisha nitageukia upande wa pili na kusema na wale wanaoisifia baridi kupita kiasi, maana nao wana kesi ya kujibu.

Shitaka la kwanza ni kwamba baridi inaua. Hebu tulitazame kwa makini. Kichomi huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo viko Kariakoo kama vilivyo Njombe. Ugonjwa wa viungo tunaouita baridi yabisi una vyanzo vyake ndani ya mwili. Baridi huweza kuongeza maumivu lakini haiuzai ugonjwa. Lugha yetu imempa mshitakiwa jina la kosa ambalo hakulitenda. Kwa upande mwingine, uko ugonjwa ambao joto ni mshirika wake wa kweli, nao ni malaria. Ili kiini cha malaria kikomae ndani ya mbu, kinahitaji joto. Hewa ikipoa chini ya nyuzi 16 hivi, aina yake iliyo kali kuliko zote haikomai, na mbu hufa kabla hajapata cha kumwambukiza mtu. Ndiyo maana Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania. Jamaa zetu waliotulilia machozi kwa sababu ya baridi wamezika watoto wangapi kwa sababu ya malaria? Mbona hatujawahi kuitisha kikao cha ukoo kulishitaki joto?

Sisemi kwamba kila mtu apande mlima. Mwenye ugonjwa wa seli mundu anajua, au daktari wake anajua, kwamba baridi huweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu akumbuke kwamba katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya ufukweni. Shinikizo la damu nalo hupenda kupanda wakati wa baridi. Watu wa namna hiyo wapimwe kwanza, na daktari akikataa wamsikilize. Hiyo ni hoja ya afya, nami naiheshimu. Lakini aliyetuambia kwamba tutakufa hakutuuliza hata mara moja kama tuna ugonjwa wowote. Alikuwa anasema tu alivyosikia.

Tena kuna jambo la aibu ndani ya shitaka hili. Wakoloni walipofika Afrika ya Mashariki walitangaza kwamba nyanda za juu ndizo zinazowafaa wazungu, na nchi za joto ziachiwe wenyeji. Wajerumani walijenga mji wao Lushoto wakauita Wilhelmstal. Kule Kenya nyanda bora za baridi zilitengwa kwa wazungu peke yao kwa miongo mingi, hadi uhuru ulipokaribia. Leo Mwafrika anayesema kwamba baridi si ya mtu mweusi anayarudia maneno ya watu wale wale, ila hajui ameyaokota wapi. Je, Wasambaa waliomtii Kimweri katika karne ya kumi na tisa walikuwa wakiishi wapi kama si juu ya milima? Wakinga, Wabena, Wasafwa, Wachaga, wote hao walikufa na baridi?

Na mimi niliyezaliwa Muheza nina ushahidi wangu wa nyumbani. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalijengwa kwa jasho la manamba, na wengi wa manamba hao walitoka nyanda za juu za kusini, Njombe ikiwamo. Waliteremshwa kutoka kwenye ukungu wao wakaletwa kwenye jua letu kukata mkonge. Wajukuu zao nimecheza nao, nimesoma nao, wengine nimewafundisha. Wakati ule hakuna aliyesimama kusema kwamba joto litawaua. Mtu wa baridi kwenda kwenye joto ili amtumikie tajiri lilikuwa jambo la kawaida. Mtu wa joto kwenda kwenye baridi kwa hiari yake, ili apumzike, ndilo limekuwa jambo la kuitishia kikao!

Shitaka la pili ni lile la methali: mkataa kwao ni mtumwa. Mzee mmoja wa upande wa mume wangu aliitamka taratibu, akanyamaza, kama mtu aliyekwisha funga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Methali hii ni nzuri mahali pake. Inamwonya anayemwonea haya mama yake kwa sababu ya kitenge kilichopauka. Lakini imegeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mtu mzima asichague pa kujengea. Kama kuhama ni kuwakataa wenu, basi makabila yote ya nchi hii ni watumwa, maana hakuna hata moja lisilo na hadithi ya kutoka mahali fulani. Hata huo ukoo uliokaa kutuhukumu husimulia, kwenye misiba na arusi, jinsi babu yao alivyovuka mto Ruvuma.

Ila msomaji, liangalie vizuri hilo neno kwao. Kwao nani? Tulipokuwa tunajadiliana hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesema turudi Muheza. Kwao maana yake ilikuwa Lindi, kwa mume. Hapo ndipo tunapofika kwenye shitaka la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo shina, na yale mawili ya kwanza ni matawi tu. Wifi yangu mmoja alilisema wazi, nami namshukuru kwa uwazi wake. Alisema: "Wifi, wewe umekuja kwetu. Sasa unamtoa kaka yetu unampeleka wapi?"

Nilimjibu: "Wifi, mimi nilikuja kwa kaka yako, na kaka yako ndiye ninayekwenda naye."

Watu walicheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Mwanamke wa nchi hii anaweza kufika uzeeni bila kuwa na kwao popote. Alikozaliwa wanamwambia wewe umeolewa, shamba ni la kaka zako. Alikoolewa wanamwambia wewe ni mgeni, shamba ni la ukoo. Anapolima miaka arobaini analima kwa mkopo. Siku mumewe akifumba macho mkopo unadaiwa. Haya si maneno ya kutunga. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliweka kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa za ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili walipozipeleka kanuni hizo mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilisema kwamba wajane hao walivunjiwa haki zao. Nimewaona majirani zangu wa zamani wakitolewa vyombo nje kabla arobaini haijafika. Mtu aliyeyaona hayo kisha akaambiwa "turudi kwetu tukazeeke", ana haki ya kuuliza: kwetu hapo ni pa nani siku nitakapobaki peke yangu?

Ndiyo maana nasema kuchagua mahali pa tatu, mahali ambapo si kwa mume wala si kwa mke, si kuukimbia ukoo. Ni kujenga nyumba ambayo wote wawili ni wageni sawasawa, na kwa hiyo wote wawili ni wenyeji sawasawa. Katika kijiji tunachoishi sasa hakuna shangazi wa mume wangu anayenionesha mpaka wa shamba, na hakuna kaka yangu anayemhesabia yeye siku alizokaa. Tulifika wote na mabegi, tukajifunza kusalimia kwa Kibena wote, tukachekwa wote. Nimeolewa miaka mingi, lakini usawa huo nimeuonja kwa mara ya kwanza nikiwa na sweta mwilini.

Usawa huo lakini haushuki na ukungu. Unaandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huo huo, huchukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya mume na mke ni ya wote wawili, ila hati ikitaja wazi kwamba ni ya mmoja peke yake, dhana hiyo huanguka. Kwa hiyo, dada yangu, usiridhike na kuambiwa "changu ni chako". Mwambie bwana, kwa upole na kwa tabasamu, kwamba kama ni hivyo basi karani ataandika majina mawili kwa wino ule ule. Wangu alikubali mara moja, na nilimpenda upya.

Sasa niwageukie washabiki wa baridi.

Kuna watu wa mjini ambao wamekuja huku wakiwa wamelewa picha. Wameona maua ya Kitulo, ile mbuga iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, wameona mashamba ya chai yaliyonyooka kama zulia, wakadhani wamefika peponi. Nawaambia ukweli: huku ni duniani. Njombe, yenye viazi, mahindi, maharage na parachichi za kusafirisha ng'ambo, ni mkoa ambao utafiti wa mwaka 2022 uliwakuta takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti wa UKIMWI wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta na kiwango cha juu cha maambukizi kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Anayekuja kutafuta mahali pasipo na shida za watu, arudi. Anayekuja kuishi na watu, akaribie.

Wabaya zaidi ni wale wasiokuja kabisa. Hao ni wakulima wa simu. Hununua ekari kwa makumi kutoka kwa mzee mwenye shida ya ada ya mjukuu, huziwekea misonobari au parachichi, kisha hukaa Dar es Salaam wakiulizia mvua kwa simu. Kijana wa kijijini huja kugundua kwamba kilima alichochungia mbuzi kina bango la mtu asiyemjua. Sheria inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sisi tulisimama mbele ya mkutano huo, tukaulizwa maswali, mengine ya kuudhi, tukajibu. Bibi mmoja alituuliza: "Mtalala hapa, au mtalaza miti?" Sijasikia swali la busara kuliko hilo. Anayenunua ardhi mezani kwa mtu mmoja, kwa siri, usiku, hajahamia kijijini. Amekiibia kijiji.

Na wako wanaokuja kweli, lakini wanakuja na ujuzi wa pwani na ukaidi wa pwani. Hujenga nyumba yenye matundu mengi ya hewa na bila dari, kisha Juni ikifika huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Jiko hilo hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Kisha jamaa husema baridi imemwua! Baridi haikumwua; ameuawa na jiko. Nyumba ya huku inataka matofali ya kuchoma, dari, madirisha yanayofunga barabara, na mahali pa moto penye dohani ya kutolea moshi nje. Inataka pia subira jikoni, maana katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94, na maharage ambayo Dar es Salaam yangeiva kwa saa mbili huku hukudai kuni za ziada. Anayelinganisha gharama asisahau kuni na mablanketi, kama vile anayebaki pwani asivyopaswa kusahau feni, barafu na dawa za malaria.

Basi watu wawili wachague vipi? Nitasema tulivyofanya sisi, na kila mtu ana akili yake. Tuliandika kila mmoja karatasi yake, bila kuoneshana, mambo matano ambayo hawezi kuishi bila hayo. Yangu yalianza na hospitali; yake yalianza na barabara. Kisha tukayapima maeneo. Lushoto palinivuta kwa kuwa ni mkoa wetu, pana vuli na masika, na kutoka Mombo ni kilomita zipatazo 33 tu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo palikuwa karibu mno na kaka zangu, na mume wangu angekuwa yeye sasa mgeni wa wakwe. Nilipaondoa mwenyewe kabla hajasema. Uchagani vihamba vimejaa, na hurithiwa ndani ya ukoo. Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda na uwanja wa ndege wa Songwe tangu mwaka 2012, lakini tulikuwa tunalikimbia jiji moja, hatukutaka kuingia jingine. Makete ilitupendeza, na hospitali ya Ikonda ina sifa njema, lakini mwinuko wake ulikuwa mzito kwa mapafu ya mwenzangu. Ukabaki ukanda wa Makambako na Njombe: barabara kuu, reli ya TAZARA, mvua moja ndefu kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na baridi ya kuvumilika.

Kabla ya kutoa hata shilingi tulipanga chumba tukakaa Juni, Julai na Agosti. Nasisitiza miezi hiyo. Anayekwenda kutazama nchi ya baridi mwezi wa Desemba ni sawa na anayechumbia kwa kutazama picha. Mahali hupimwa katika ubaya wake. Asubuhi moja ya Julai tulikuta jani la kabichi limeshika barafu nyembamba, tukatazamana, na mwenzangu akasema: "Mama, bado tunakaa?" Nikamwuliza yeye kwanza. Hilo nalo ni muhimu: kila mmoja awe na haki ya kusema hapana, na hapana ya mmoja itoshe. Ndoa nyingi zimehama kwa ndiyo ya mmoja na ukimya wa mwingine, na ukimya huo, kwenye nchi ya ukungu, una usiku mrefu sana wa kukua.

Kwa jamaa zetu walioachwa pwani nasema hivi: hatujawakataa. Vitanda vipo, mablanketi yapo, basi la Songea hupita hapa. Wifi aliyeniuliza nampeleka wapi kaka yake amekuja mara mbili, na mara ya pili alikaa wiki tatu. Na kwenu ninyi mnaojiandaa: nendeni kwa daktari kwanza, kisha kwenye mkutano wa kijiji, kisha kwa karani mkiwa na majina mawili. Mkiulizwa na ukoo kwa nini mnakwenda kwenye baridi, mwulizeni anayewauliza nani atalala ndani ya nyumba anayotaka mkaijenge kwao, siku mmoja wenu atakapokuwa hayupo. Asipokuwa na jibu, fungeni mizigo.